Milimita 67 kati ya Kigoma na Kalemie

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kalemie juu ya upana wa reli



Waliniomba niseme juu ya reli kwa sababu nilisoma mambo ya ujenzi kwenye iniversite. Kazi bado sijapata, kwa hiyo wakati wa kusoma habari za reli ninao, tena mwingi. Sitasema juu ya treni kuchelewa. Hilo somo kila mtu katika chumba hiki anaweza kulifundisha. Nataka kusema juu ya kitu kidogo ambacho hatukisikii hata siku moja kwenye radio wakati wakubwa wanatangaza mradi mpya wa reli: nafasi iliyo kati ya reli moja na mwenzake.

Chukua mita ya seremala, nenda kwenye njia ya treni hapa mjini, pima kutoka uso wa ndani wa reli moja mpaka uso wa ndani wa reli ya pili. Utapata milimita 1067, ni kusema mita moja na karibu sentimita saba. Kisha vuka ziwa, shuka Kigoma, pima reli yao ya zamani. Utapata milimita 1000, mita moja kamili. Tofauti ni milimita 67. Vidole vyangu vinne nikiviweka pamoja vinazidi hapo. Na juu ya vidole hivyo vinne, hakuna vagoni hata moja ya Kigoma inayoweza kutembea Kalemie, na hakuna vagoni yetu inayoweza kutembea Kigoma.

Kuna mtu atasema: ndugu, katikati kuna ziwa, treni haiogelei. Ni kweli. Lakini angalieni Ziwa Victoria. Kule kulijengwa meli zenye reli ndani yake. Vagoni iliingia melini Mwanza ikiwa na mizigo yake, ikatoka Port Bell kule Uganda ao Kisumu kule Kenya, ikafungwa nyuma ya injini ingine na kuendelea na safari. Hakuna mtu aliyegusa mfuko. Iliwezekana kwa sababu reli za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zinazofika ziwa hilo zote ni za milimita 1000. Sisi hapa, hata mtu akitupatia meli ya namna hiyo kesho asubuhi, bure, vagoni ya Kigoma itafika Kalemie na kubaki melini ikituangalia.

Sasa, jambo ambalo lilinishangaza mimi mwenyewe niliposoma. Tulikuwa sawa na Kigoma zamani.

Wadachi walifikisha reli yao Kigoma mwaka 1914, upana wa mita moja. Kwa upande wetu, kampuni ya Wabeleji ya reli za Maziwa Makubwa, ile CFL ambayo wazee wanaikumbuka kwa jina, ilimaliza njia ya Kabalo mpaka Kalemie mwaka 1915. Wakati ule mji uliitwa Albertville. Njia hiyo pia ilikuwa ya mita moja. Sawa kabisa na ya ng'ambo. Upande wa kusini ilikuwa habari ingine: reli ya Katanga iliingia kutoka Rhodesia, ikafika Lubumbashi mwaka 1910, na upana wake ulikuwa ule wa Waingereza wa kusini mwa Afrika, milimita 1067. Kwa miaka mingi inchi moja ilikuwa na reli mbili ambazo hazielewani.

Mwaka 1955 wakaamua. Njia yetu, kutoka Kalemie kupita Kabalo na Kongolo mpaka Kindu, ikapanuliwa kutoka 1000 mpaka 1067, kusudi iweze kuungana na Katanga. Mwaka uliofuata, 1956, kipande cha Kamina mpaka Kabalo kikawa tayari na treni za kusini zikaanza kufika. Kwa mainjenia ilikuwa kazi nzuri, siwezi kuisema vibaya. Lakini muone maana yake: siku ile tulifungua mlango wa kusini, na mlango wa mashariki ukafungwa kwa milimita 67. Nani aliulizwa? Si watu wa Kalemie, hilo munaweza kulijua bila kusoma kitabu.

Na hawakubadilisha inchi yote. Kisangani mpaka Ubundu, kilomita 125, ilibaki mita moja mpaka leo, peke yake, ikizungukwa na pori na mto. Kaskazini, reli ya Aketi mpaka Isiro na Mungbere ilijengwa kwa milimita 600, kitu kama reli ya shamba. Matadi mpaka Kinshasa ilianza mwaka 1898 na upana wa karibu sentimita 75. Walipoijenga upya, kazi iliyoisha mwaka 1932, wakaiweka 1067. Kwa hiyo Matadi na Kalemie tuko na upana mmoja, lakini hakuna reli inayotuunganisha! Kati ya Ilebo na Kinshasa ni mto. Ndiyo Kongo yetu.

Niwape mfano mwingine wa kuchekesha. Pale Dar es Salaam kuna reli mbili za zamani. Moja ni ile ya mita moja inayokwenda Kigoma, zaidi ya kilomita 1200. Ingine ni TAZARA, ambayo Wachina walisaidia kujenga kati ya 1970 na 1975, inakwenda Zambia, na kwa sababu Zambia ni 1067, TAZARA pia ni 1067. Fikirieni vagoni iliyo Dar, upande wa TAZARA. Kwa upana wa reli tu, njia yake iko wazi: Kapiri Mposhi, Ndola, Sakania, Lubumbashi, Kamina, Kabalo, mpaka hapa Kalemie. Magurudumu yake hayabadiliki hata mara moja. Anazunguka nusu ya Afrika ili kufika mahali ambapo jirani yake wa mita moja amekaribia kufika, amesimama ng'ambo ya ziwa tu, na hawezi kuingia.

Mainjenia wanafanya nini mbele ya shida kama hii? Iko na dawa nyingi, na kila dawa iko na bei yake.

Dawa ya kwanza ni mgongo wa mtu. Unafungua vagoni, unatoa mifuko, unaweka melini, unatoa melini, unaweka katika vagoni ingine. Hii ndiyo dawa yetu, munaijua. Kila mara mfuko wa simenti unapobadilisha chombo, mtu analipwa, siku inapita, mfuko mmoja unapasuka, mwingine unaloa, mwingine hauonekani tena. Na mwisho nani analipa? Si mwenye meli wala si mwenye treni. Ni mama anayenunua kilo ya sukari Nyunzu. Ni yule anayejenga nyumba ya vyumba viwili Kabalo.

Dawa ya pili ni kulaza reli ya tatu. Reli moja inatumiwa na treni zote, na kila upana unakuwa na reli yake ya pili. Ni dawa nzuri, na watu wengi wanafikiri inaponya kila kitu. Hapa ndipo milimita 67 zinatucheka. Reli si kamba. Inakaa juu ya mguu wake, na mguu wa reli ya kawaida una upana wa zaidi ya milimita 100. Utawekaje reli mbili zilizoachana kwa milimita 67 wakati miguu yake tu inahitaji zaidi ya 100? Zinakanyagana. Na hata ukichonga miguu, gurudumu la treni lina ukingo unaoshuka ndani ya reli, na ukingo huo unahitaji mahali pa kupita. Kwa hiyo kati ya 1000 na 1067 reli ya tatu haiwezekani. Inabidi reli nne, njia mbili zinazopishana, moja imesogezwa pembeni ya ingine, juu ya mataruma marefu zaidi. Ni gharama, na kila mahali njia inapogawanyika inakuwa kichwa kuuma.

Kama tofauti ingekuwa kubwa zaidi, ingekuwa rahisi zaidi. Ni ajabu, lakini ni hivyo: majirani waliokaribiana sana kwa vipimo ndio hawawezi kulala kitanda kimoja. Japani, katika shimo la Seikan linalopita chini ya bahari, tangu 2016 treni za haraka za milimita 1435 zinapita pamoja na treni za mizigo za 1067, kwenye reli tatu. Tofauti yao ni milimita 368, mahali panatosha. Mukumbuke hesabu hiyo ya 1067 na 1435, nitairudilia.

Dawa ya tatu ni kubadilisha miguu ya vagoni. Chini ya kila vagoni kuna boji mbili, yale magari madogo yenye magurudumu. Unainua vagoni kwa jeki kubwa na mizigo yake ndani, unasukuma boji za upana mmoja zitoke, unaingiza za upana mwingine, unashusha. Ndivyo wanavyofanya kwenye mpaka wa China na Mongolia, kule Erenhot, na kule Brest kati ya Poland na Belarus. Pale ni 1435 na 1520, tofauti ya milimita 85, na wao pia reli ya tatu iliwashinda kwa sababu ile ile yetu. Kwa treni nzima ni kazi ya masaa. Inaomba karakana kubwa, jeki zinazofanya kazi kila siku, na akiba ya boji za kila upana. Mimi siioni sana kwa Kalemie, sitaficha. Karakana ya namna hiyo bila umeme wa hakika itakuwa nyumba ya popo.

Kuna pia ekseli zinazojipanua zenyewe. Wahispania wa Talgo walianza hiyo mwaka 1969: treni inapita polepole juu ya kifaa fulani, magurudumu yanafunguliwa, yanasogea, yanafungwa tena, abiria hata kahawa haijamwagika. Ni akili kubwa sana. Lakini Japani walijaribu yao miaka mingi kwa treni za haraka, kisha wakaiacha kwa njia ya Nagasaki kwa sababu ya kuchakaa kwa ekseli na bei ya kuzitunza. Tusipoteze muda hapo.

Halafu kuna dawa ya kubadilisha njia yenyewe, kama Wabeleji walivyofanya hapa. Marekani ya kusini, mwaka 1886, walisogeza reli za kilomita zaidi ya 18000 kwa siku mbili tu, tarehe 31 Mei na 1 Juni. Haikuwa uchawi. Majuma mengi mbele ya siku hizo walikuwa wanatoa misumari isiyo ya lazima na kupigilia mingine mahali papya, kusudi siku ikifika wasogeze reli moja tu na kuifunga. Lakini wao walikuwa wanapunguza upana, na taruma la mbao halikatai hilo. Kupanua ni kitu kingine: taruma liwe refu vya kutosha, na kama ni la chuma, matundu yake hayahamishwi kwa nyundo. Na kila ekseli ya kila vagoni lazima ifuate: kutoka 1000 mpaka 1067, kila gurudumu linasogea milimita 33 na nusu upande wake.

Waingereza walikuwa na vita yao ya namna hii, reli za milimita 1435 na zingine za zaidi ya mita mbili, zikikutana mji wa Gloucester, ambapo mizigo yote ilihamishwa kwa mikono. Bunge likatunga sheria mwaka 1846: njia mpya za abiria ziwe 1435. Hata hivyo kipande cha mwisho cha upana mkubwa kilibadilishwa mwaka 1892. Miaka 46 kisha sheria. Mukisikia mtu anawaambia «tutasawazisha baadaye», mumuulize kama baadaye yake ni ya namna hiyo.

Dawa ya mwisho, na kwangu ndiyo yenye maana zaidi kwa mji huu, haigusi reli hata kidogo. Ni kontena. Kontena haijali upana wa reli. Winchi inaitoa juu ya vagoni ya Kigoma, inaiweka melini. Winchi ya Kalemie inaitoa melini, inaiweka juu ya vagoni yetu. Ni dakika chache kwa kila moja, na kufuli yake haifunguliwi njiani. Lakini ili hiyo iwe kweli tunahitaji winchi yenye nguvu inayofanya kazi, uwanja wenye sakafu ngumu karibu na maji, na vagoni za gorofa. Vitu hivi havipigiwi picha kama uzinduzi wa reli mpya, pengine ndiyo sababu hatuvisikii.

Wabeba mizigo wa bandari, najua munanisikiliza vibaya sasa. Muko na haki. Mwaka 1853, mji wa Erie kule Marekani, watu walitoka na kung'oa reli kwa mikono yao wakati makampuni yalipotaka kusawazisha upana, kwa sababu mji ulikuwa unakula kutokana na kuhamisha mizigo. Si kwamba walikuwa wajinga. Hakuna aliyewaambia watakula nini kisha. Kwa hiyo nikisema winchi, nasema pia: wale watakaoiendesha, watakaofunga kontena, watakaoandika hesabu, watakaotengeneza vagoni, wafundishwe kati ya wale wanaobeba leo. Hiyo iandikwe katika mkataba. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Mbona nasema haya leo? Kwa sababu upana wa tatu unakuja. Tanzania inajenga reli mpya ya milimita 1435. Tangu 2024 inabeba abiria kutoka Dar mpaka Dodoma. Mkataba wa kipande cha Tabora mpaka Kigoma ulitiwa sahihi Desemba 2022. Na kuna njia ingine ya upana huo huo, kutoka Uvinza kuingia Burundi mpaka Musongati, ambayo katika mipango ya serikali zetu inatakiwa kuendelea mpaka Uvira na siku moja mpaka Kindu.

Tuangalie ramani vizuri. Njia hiyo haipiti Kalemie. Inazunguka ziwa kwa kaskazini. Ikifika Kindu kweli, itakutana na reli yetu ya 1067 kwenye nchi kavu, uso kwa uso, bila ziwa la kulaumu. Hapo Kindu ndipo patakuwa Gloucester ya Kongo. Je, kutakuwa uwanja wa reli tatu? Kwa vipimo inawezekana, ile tofauti ya milimita 368 niliyowaomba mukumbuke. Ao winchi na kontena? Ao tutarudia mgongo wa mtu, na vumbi la simenti?

Kuna pia wale wanaosema: tung'oe ya zamani yote, tuweke 1435 kila mahali, 1067 ni ya ukoloni na ndiyo sababu treni yetu ni konokono. Hapana. Afrika ya Kusini, kutoka Sishen mpaka bandari ya Saldanha, kilomita 861, treni zenye vagoni zaidi ya 300 zinabeba mawe ya chuma juu ya reli za milimita 1067, sawa na hizi za kwetu. Kinachotuchelewesha ni reli zilizochakaa, mawe ya chini yaliyoisha, madaraja yanayoogopesha. Ukiweka 1435 juu ya udongo ule ule na matunzo yale yale, utapata konokono mpana. Na upana wetu una faida yake: kutoka Kolwezi kupitia Dilolo mpaka Lobito ni 1067 moja kwa moja, tangu 1931. Kama Lobito inasemwa kila mahali leo, ni kwa sababu pia vagoni inafika baharini bila kubadilisha mguu. Sisi tumeunganishwa na njia hiyo kupitia Kamina. Yule atakayekata upana wetu kipande kipande bila mpango mmoja wa inchi nzima anaweza kutufungia na mlango huo.

Kwa hiyo tumeandika barua kwa wizara ya uchukuzi na kwa serikali ya jimbo. Haiombi reli mpya. Inauliza: njia ya kutoka Uvira itakuwa na upana gani Kindu, na ni nani amesaini hilo? Mizigo itahamishwaje pale, kwa kifaa gani, na gharama iko kwa nani? Kwa bandari ya Kalemie, winchi na uwanja wa kontena viko katika bajeti ya mwaka gani? Na wabeba mizigo wana nafasi ngapi katika mafunzo? Tunataka majibu yaliyoandikwa, yabandikwe hapa mjini ambapo kila mtu anaweza kuyasoma.

Barua yenyewe iko kwenye meza karibu na mlango, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Muisome mbele ya kutia sahihi. Sasa wazee wa reli, nyinyi munaojua boji kwa mikono kuliko mimi ninayezijua kwa vitabu, tunaanza na maswali yenu.